Kompyuta pepe ya uokozi

Kompyuta pepe ya uokozi ni kompyuta isiyo na kiwiliwili chake yenyewe, ambayo huhuishwa ndani ya mtambo wa kutunzia nakala za akiba ili ishike zamu ya seva iliyofikwa na janga, liwe la moto, la mafuriko, au la maharamia wa mtandaoni wazifungao data na kudai fidia. Fani ya kompyuta pepe ni kongwe kuliko wengi wadhanivyo: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa kompyuta pepe uitwao VM/370 mwaka 1972.

Msimamizi aliyekabidhiwa amana ya nakala hizo za akiba huchagua kwanza nakala ya saa gani ifufuliwe, wala hilo si jambo jepesi, kwani ya karibuni mno huenda imekwisha kuingiliwa na virusi, na ya zamani mno hupoteza kazi ya watu. Kisha huigawia kompyuta pepe kumbukumbu na nguvu za prosesa kwa kadiri. Wakati wa majaribio haina budi kutengwa na mtandao wa kazi. Ikiachiwa ilhali seva asilia ingali hai, mbili hizo zitagombania anwani moja.

Lisahauliwalo mara nyingi, na kwa rai yetu ndilo zito kuliko yote, ni marejeo: kila kilichoandikwa tangu saa ya janga kimo ndani ya kompyuta pepe peke yake, hivyo ni lazima nayo iendelee kutolewa nakala, na yaliyomo yahamishiwe kwenye seva mpya kabla kompyuta pepe hiyo haijazimwa.