Mkwaju Ndani ya Televisheni

Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa miaka 21, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu yale ambayo mimi mwenyewe sikuyaelewa. Mahali penyewe palikuwa banda la video mjini Mpanda: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, na jenereta lililofungwa nyuma ya nyumba ili mlio wake usishindane na sauti yangu. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Mpanda wakati huo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012.

Vijana wa leo huenda wasiamini jinsi picha inayotembea ilivyokuwa adimu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na mawimbi yake hayakuwa na haraka ya kutufikia. Sisi tulitegemea kanda zilizoletwa na treni, kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, kisha Kaliua, kisha kwenye lile tawi la reli ambalo wakoloni walilijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Madini yalikwisha kufungwa zamani. Reli ikabaki, ikatuletea Bruce Lee.

Filamu zilikuwa za lugha za kigeni, kwa hiyo alihitajika mtu wa kutafsiri. Uganda kazi hiyo ilikwisha kuota mizizi, na jijini Dar es Salaam Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu mkubwa kwayo. Mimi sikuwa Lufufu. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na ulimi usiochoka.

Siku moja mwenye banda alipokea boksi la kanda za mitumba kutoka Kariakoo. Mojawapo ilikuwa na katuni ya Kijapani iliyowekewa sauti za Kiingereza. Deki yetu ilikuwa ya Dubai, ya mifumo mingi, kwa hiyo ilikubali kanda ya Marekani bila kugoma. Jina lake lilikuwa Final Fantasy: Legend of the Crystals. Tuliiweka saa kumi jioni mbele ya watu wapatao arobaini, na ndani ya dakika tano nilijua kuwa nimepatikana.

Watu ndani ya ile katuni walikuwa wakizungumza juu ya mambo yaliyokwisha kutokea. Kulikuwa na msichana, Linaly, mjukuu wa wajukuu wa shujaa fulani. Kulikuwa na kijana mkorofi mwenye pikipiki, aitwaye Prettz. Fuwele tatu zilikwisha kuibwa, na ile ya nne, ya upepo, ikamwingia yule msichana mwilini, tena sehemu ambayo sikuthubutu kuwatajia wazee waliokaa benchi la mbele. Nikasema imemwingia mgongoni. Lakini shujaa huyo wa zamani alikuwa nani? Alifanya nini? “Wewe mtafsiri, huyo babu yao ni nani?” akauliza kijana mmoja wa Katumba aliyekuja na baiskeli yake, na banda zima likarudia swali lake.

Nimepata jibu miaka mingi baadaye, nyumbani kwa mpwa wangu aliyekuwa na PlayStation. Ile katuni ilitoka Japani mwaka 1994 ikiwa mwendelezo wa mchezo wa video, Final Fantasy V, uliotolewa na kampuni ya Square mwezi Desemba 1992. Hadithi ya katuni inaanza miaka 200 baada ya mchezo kwisha. Mjapani aliyecheza alimjua shujaa Bartz kama ndugu yake, maana mchezaji ndiye anayempa jina, ndiye anayemchagulia kazi ya kufanya miongoni mwa kazi zaidi ya 20, leo mpiga upanga, kesho mchawi. Nadhani hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa mwongozaji Rintaro na wenzake wa studio ya Madhouse. Watakuonyeshaje shujaa ambaye kila nyumba ilimpa jina lake na kumlea kwa namna yake? Waliruka miaka 200 wakakwepa ugomvi. Wakatengeneza sehemu nne fupi za kuuzwa moja kwa moja katika kanda, bila kupitia sinema, desturi ambayo Wajapani waliianza mwaka 1983 na ambayo Wanigeria waliifanya yao kwa filamu ya Living in Bondage mwaka 1992.

Ajabu ni kwamba hata Wamarekani walikuwa gizani kama sisi. Kanda zilitoka kwao mwishoni mwa miaka ya 1990, na mchezo wenyewe haukutolewa rasmi huko hadi mwaka 1999. Walipewa mkia kabla ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na mtu wa kusimama kando ya televisheni.

Mimi nilisimama. Nikasema babu wa msichana alikuwa mwindaji wa Ukonongo. Nikasema hekalu la upepo liko kando ya ziwa, chini ya mkwaju, na anayelilinda ni Katabi.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe kuwa Katabi si mtu wa katuni. Ni mzimu wa Wabende. Ziwa Katavi, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, na sasa mkoa mzima, vyote vimechukua jina lake. Inasemwa anakaa katika mkwaju karibu na ziwa hilo, na watu wanaotafuta baraka huacha sadaka pale shinani.

Banda likanyamaza, kisha likalipuka kwa shangwe. Tuliirudia kanda ile siku nne, watu wakijaa hadi mlangoni. Kila siku nilimwongezea Katabi maneno. Nilimpa sauti nzito. Siku ya tatu nilimfanya adaiwe pombe, na watu walicheka hadi machozi.

Siku ya nne alikuja babu yangu, ndugu wa baba mzaa mama, Mbende. Alilipa shilingi 50 kama wengine, ingawa mlinzi wa mlango alimkatalia. Akakaa. Ilipofika ile sehemu ya deni la pombe akainuka taratibu, akavaa kofia yake, akatoka.

Jioni nilimfuata nyumbani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mwenzangu. Umechoka kwa kupiga kelele?”

Nilicheka. Yeye hakucheka, na baina ya babu na mjukuu hilo si jambo dogo.

“Yule uliyemtia ndani ya televisheni,” akasema, “ulimwomba ruhusa?”

Nilimwambia ni mchezo tu, babu, watu wamefurahi. Akasema hana neno na furaha ya watu. Akasema: njoo Jumapili nikusimulie yalivyo, ili hata ukidanganya ujue unadanganya kitu gani. Jumapili ile kulikuwa na filamu mpya. Jumapili iliyofuata pia. Babu alifariki mwaka 2001 kabla sijaenda.

Mwaka 2016 nilipanda bodaboda kwenda Sitalike. Tulipokaribia mto Katuma, dereva, kijana ambaye mwaka 1999 hakuwa amezaliwa au alikuwa mgongoni mwa mama yake, aliniona nimevaa kama mgeni akaanza kunisimulia habari za Katabi. Alisema zamani mzimu ulilinda mawe manne, matatu yakaibwa, na la nne likamwingia msichana mgongoni.

Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema ni mambo ya asili, mzee, ya tangu mababu, amesimuliwa na baba yake.

Nilimwomba asimamishe pikipiki. Tukakaa ukingoni, viboko wakitutazama kutoka kwenye tope, nikamweleza habari za banda, za kanda ya Kijapani, za shilingi 50. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: “Sasa ile ya kweli ikoje?”

Nikamwambia kuna ziwa, na kuna mkwaju, na watu huacha sadaka. Akangoja niendelee.