Saa ya kupima mwinuko Mlima Kenya: namna ya kuisoma

Ukipanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru, kaunti ya Nyeri, na saa ya mkono yenye baromita, elewa kwanza kwamba baromita haipimi mwinuko. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inakisia umefika wapi.

Huku pwani mgandamizo ni hektopaskali 1,013 hivi, na hupungua moja kwa kila mita 8 unazopanda. Penye mita 4,200 hupungua moja kwa kila mita 13 hivi.

Tatizo ni kwamba hapa Ikweta mgandamizo una kupwa na kujaa kama bahari yetu. Hupanda saa nne, asubuhi na usiku, na kushuka saa kumi, alfajiri na jioni. Ukiwa umekaa hemani, saa itadai umepanda au umeshuka mita 20 au zaidi. Kwa hiyo irekebishe kila ufikapo mahali panapojulikana: Met Station mita 3,050, kambi ya Mackinder mita 4,200, kilele cha Lenana mita 4,985.

Usitegemee kengele yake ya dhoruba. Mawingu ya mchana mlimani huletwa na joto la asubuhi, na baromita huenda isiseme kitu. Tazama mbingu, anza safari mapema.

Kipimajoto nacho husoma joto la mwili wako. Ivue saa, iache kivulini dakika 20.

Dira ina faida yake kwetu: ukiwa mlimani, kibla ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo tu.

Lakini kazi kubwa ya saa hii, kwa maoni yangu, ni kukuonyesha unalala wapi. Ukishapita mita 3,000, ushauri wa kitabibu ni usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka Met Station hadi Mackinder ni mita 1,150. Kwa mtu aliyetoka Likoni juzi, huo ni mruko mkubwa. Ongeza usiku mmoja au miwili njiani, hata kama gharama inapanda.

Kichwa kikiuma na unatapika, usipande tena. Ukianza kuyumba au kuhema ukiwa umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, pamoja na mwongozaji wako. Hapo usingoje saa ikwambie kitu, mwili umeshasema.