Fahamu Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilikokutana kabla ya Dodoma

Kiongozi wa taifa akifariki, mara nyingi redio hutangaza kuwa mwili utaagwa katika viwanja vya Karimjee, Dar es Salaam. Wasikilizaji wengi wa Mpanda, Mlele na Tanganyika wanalijua jina hilo kwa habari za misiba tu. Lakini ukumbi huu una historia kubwa zaidi.

Ulijengwa katikati ya miaka ya 1950, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Fedha zilitolewa na familia ya Karimjee, wafanyabiashara wenye asili ya India walioanzia Zanzibar. Ni jengo jeupe lenye bustani, jirani na Bustani ya Mimea, na lilitolewa kwa matumizi ya umma.

Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni, lililoanzishwa mwaka 1926, lilikutana humo. Mmoja wa familia hiyo, Abdulkarim Karimjee, alikuwa Spika hadi mwaka 1962, kisha akafuatiwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Baada ya uhuru wa 1961, Bunge liliendelea kukaa humo. Tarehe 27 Aprili 1964, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walibadilishana Hati za Muungano katika ukumbi huohuo.

Enzi hizo ndipo zilipopitishwa sheria zilizogusa maisha ya vijijini, ikiwemo Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975. Lakini kwa mwananchi wa Mpanda, Bunge lilikuwa mbali: reli inapita Kaliua na Tabora, kisha Dodoma na Morogoro, ndipo ufike Dar es Salaam.

Umbali wa aina hiyo ni sababu mojawapo ya TANU kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, katikati ya nchi. Bunge lilihamia huko mwaka 1996, na ukumbi wake wa sasa ulizinduliwa mwaka 2006.

Karimjee sasa hutumika kwa mikutano, hafla na kuaga viongozi. Kuta zake zimeshuhudia nchi ikitoka ukoloni hadi Muungano. Kulitunza jengo la namna hiyo ni kutunza kumbukumbu ya wote, hata ya sisi tulio mbali nalo.