Askari, Mateka, Mwandishi: Tawasifu ya Waruhiu Itote kama Utetezi

Askari anayeshika kalamu si kiumbe kigeni katika historia ya fasihi. Katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Mwingereza George Gascoigne alikwenda Uholanzi kupigana na Wahispania, akatekwa mwaka 1574, akarudi kwao baada ya miezi michache ya kifungo. Shairi lake refu la 1575, Dulce Bellum Inexpertis, ambalo anwani yake ya Kilatini inamaanisha kwamba vita ni vitamu kwa asiyevionja, lilimpa nafasi ya kuutetea mwenendo wake vitani. Ninamtaja Gascoigne kwa sababu moja tu. Askari anaporudi hai kutoka mikononi mwa adui, watu wake humwuliza, kwa sauti au kwa macho, kwa nini hakufa. Na swali hilo huzaa maandishi. Kenya inaye mwandishi wa aina hiyo, naye ni Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mwaka 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya, akapelekwa Burma. Katika tawasifu yake, "Mau Mau" General (1967), anasimulia jinsi alivyozungumza huko na askari Mmarekani mweusi kuhusu hali ya watu weusi na malipo ya wanaowapigania wengine. Wanahistoria huyachukua masimulizi haya kama ushahidi wa chimbuko la uzalendo. Mhakiki hana budi kuuliza jambo jingine: ni nani anayekumbuka? Anayesimulia ni mtu wa 1967, aliyekwisha kuongoza wapiganaji wa Mlima Kenya na kuonja kifungo. Yeye ndiye anayeiweka Burma mahali pake katika msuko ili msitu uonekane kuwa ni mwendelezo wa vita vilevile, ila sasa askari anajua anapigania nini.

Tarehe 15 Januari 1954 Itote alijeruhiwa, akaangukia mikononi mwa serikali. Alihojiwa kwa saa 68 na maafisa wa polisi, akiwemo Ian Henderson. Hapo ndipo alipotoa masimulizi yake ya kwanza kuhusu nafsi yake: yalitolewa kwa mdomo, mbele ya wenye uwezo wa kumnyonga, na kuandikwa kwa kalamu isiyokuwa yake. Tangu mwaka 2015, Myles Osborne alipoyahariri mahojiano hayo pamoja na kumbukumbu za kesi na tawasifu yenyewe, tunaweza kuyasoma masimulizi yote mawili sambamba. Wapo watakaoshawishika kuyaita mahojiano ukweli na tawasifu pambo. Sikubaliani nao. Mateka anayehojiwa huchagua la kusema na la kumeza, sawasawa na mwandishi aliye mezani pake. Kilichobadilika ni msikilizaji. Mwaka 1954 msikilizaji ni adui, na utetezi unahusu shingo. Mwaka 1967 msikilizaji ni taifa, na utetezi unahusu jina.

Kiini cha utetezi huo ni mazungumzo ya kusalimu amri. Itote alihukumiwa kifo mwezi Februari 1954. Adhabu ikabadilishwa mwezi Machi, baada ya yeye kukubali kuwaandikia wenzake walioko msituni ili wazungumze na serikali. Mpango ukavunjika mwezi Aprili. Dedan Kimathi, ambaye hakusalimu amri, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hakuna ukurasa wa tawasifu hii uliokwepa kabisa kivuli cha kifo hicho, hata pale Kimathi asipotajwa. Huku Gatuanyaga ninakoishi, nimewasikia wazee wakibishana juu ya jambo hili: kwa baadhi yao Itote alitumia busara ili kuokoa vijana, wengine hawapendi jina lake litajwe pamoja na la Kimathi. Wengi wa wabishi hao hawajakisoma kitabu chake, na sababu mojawapo ni lugha.

Maana Keya ilimzoeza Kiswahili, lugha ya kambi na gwaride. Kiingereza alifundishwa na Jomo Kenyatta walipofungwa pamoja Lokitaung, kule Turkana. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza, miaka mitano baada ya mwandishi kuachiliwa mwaka 1962. Gakaara wa Wanjaũ, ambaye naye aliingia jeshini mwaka 1940, alichapisha shajara yake ya kizuizini kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Shajara haijui kesho italeta nini. Tawasifu inajua, na ndiyo sababu ya Itote kuonekana mtulivu mno katika kurasa ambazo tungetarajia atetemeke. Utulivu huo wenyewe ni hoja.

Hata alama za mtajo katika anwani yake zina kazi. Zinaizunguka "Mau Mau" peke yake, huku cheo cha Jenerali kikiachwa wazi. Itote alichapisha kitabu cha pili, Mau Mau in Action, mwaka 1979, akafariki mwaka 1993. Marufuku iliyowekwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau mwaka 1950 haikuondolewa hadi mwaka 2003. Jenerali huyu aliandika, akachapisha na kuzikwa wakati jeshi lake lingali haramu mbele ya sheria za nchi aliyoipigania.