Farasi Mmoja, Wenyewe Ishirini na Watatu

Kaeni vizuri, fungueni madaftari. Leo twaenda Uingereza, katika mji wa Newmarket, uliopata sifa kwa mbio za farasi.

Mfalme James wa Kwanza alifika huko mwaka 1605, akapapenda kwa uwanda wake mpana. Baadaye Mfalme Charles wa Pili aliweka mashindano yake mwenyewe, na mwaka 1671 aliyapanda akashinda. Hivyo tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa wa wafalme na matajiri.

Ukipita katika barabara kuu utaona mnara wa saa, kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Tena utaona sanamu ya shaba ya farasi aitwaye Hyperion. Farasi huyu alizaliwa mwaka 1930. Alikuwa mfupi, lakini mwaka 1933 alishinda mbio za Derby na za St Leger. Mwenyewe alikuwa mtu mmoja, Lord Derby.

Sasa jiulizeni: je, mtu asiye na mali anaweza kuwa na farasi wa mbio? Peke yake, hawezi. Chakula, mfunzi, mganga na mpanda farasi, vyote vyataka fedha kila mwezi. Lakini sikilizeni habari hii ya Wales.

Katika kijiji kimoja kilichokuwa cha wachimba makaa ya mawe, mama mmoja mfanya kazi wa baa alinunua farasi jike wa bei ndogo. Mwaka 2001 akazaliwa mtoto, akaitwa Dream Alliance. Watu 23 wakafanya shirika. Kila mmoja alitoa pauni 10 kila juma. Fedha hizo zilimlipa mfunzi.

Farasi akaanza kushinda. Ndipo mwaka 2008, katika mbio, akakatika kano ya mguu. Farasi wengi wakiumia hivyo huuawa. Wenye shirika walikuwa na fedha alizowashindia. Wangeweza kuzigawana na kumaliza shauri. Hawakufanya hivyo; walizitumia kumtibu. Waganga walitumia chembe hai zilizotoka katika mwili wake mwenyewe, mguu ukapona. Desemba 2009 akashinda mbio kubwa za Wales huko Chepstow, mbio za kuruka vizuizi zaidi ya maili 3.

Je, walitajirika? La. Hesabu zilipofungwa, kila mmoja alipata faida ya pauni 1,430 tu. Lakini walikuwa wamesimama katika viwanja vya matajiri wakiwa wenye farasi, si watazamaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha watu wengi chataka daftari: nani ametoa nini, nani ataamua farasi akiumia, na faida itagawanywaje. Haya lazima yaandikwe mapema, na kila mwenye fungu aweze kuyasoma mwenyewe. Asiyejua kusoma humwachia mwenzake hesabu yake.

Sanamu ya shaba yatuonyesha farasi aliyeshinda. Haituonyeshi waliomlisha. Habari zao hukaa katika maandishi.

Maneno mapya: kano, fungu, shirika, faida.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mtu mmoja maskini hawezi kuwa na farasi wa mbio?
2. Ungalikuwa katika shirika lile mwaka 2008, ungalisema nini?
3. Watu 23 wakitoa pauni 10 kila mmoja, jumla ni pauni ngapi kwa juma?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.