KUISHI KWENYE KANISA LILILOGEUZWA FLETI: FAIDA NA HASARA ZAKE

Leo tuongelee kitu ambacho huku kwetu kinasikika kama utani: mtu kupanga chumba ndani ya kanisa. Siongelei nyumba ya padri wala hosteli ya parokia. Naongelea kanisa lenyewe, pale palipokuwa na altare sasa kuna jiko na friji. Majuu ni jambo la kawaida, na Mbongo aliyekwenda kusoma au kubeba boksi anaweza kukutana na tangazo la namna hiyo akiwa ndiyo kwanza anatafuta pa kulala. Bora ujue mapema unachoingia.

KWA NINI YANAGEUZWA?

Kwa kifupi, waumini wamepungua lakini majengo yako palepale. Kanisa la England peke yake lina majengo kama 16,000, na kila mwaka mengine hufungwa. Boston, Marekani, mwaka 2004 jimbo kuu la Katoliki lilitangaza kufunga parokia zaidi ya 60 kwa mpigo, kwa sababu ya uhaba wa waumini, mapadri na fedha. Baadhi ya majengo ya namna hiyo huuzwa na kuwa fleti. Uholanzi nako, mjini Utrecht, kanisa la Mtakatifu Yakobo lilikamilishwa kuwa nyumba ya kuishi mwaka 2009. Maastricht kuna kanisa limekuwa duka la vitabu na jingine hoteli.

HUKU KWETU IKOJE?

Kwetu mambo yako kinyume. Makanisa yanaongezeka, na Nairobi majumba ya sinema ndiyo yaliyogeuzwa makanisa. Jengo la kanisa likizidiwa na watu linajengwa jingine kubwa, na lile la zamani linakuwa ukumbi, chekechea au stoo.

Kitu cha karibu tulicho nacho ni majengo ya misheni. Pale Mkunazini, Zanzibar, kanisa kuu la Waanglikana limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Jirani yake kuna jengo la zamani la wamisionari, St. Monica's, ambalo kwa miaka mingi limepokea wageni wa kulala. Chini ya jengo hilo kuna vyumba ambavyo watalii huonyeshwa kama sehemu walikofungiwa watumwa. Kwa hiyo unalala juu ya historia nzito. Wengine wanaona ni heshima, wengine usingizi hauji.

FAIDA

1. Jengo imara. Kuta za mawe au matofali mazito hudumu. Ukitaka kuelewa nenda Peramiho, kanisa kubwa la abasia lililojengwa miaka ya 1940, uone zile kuta.

2. Nafasi na uzuri. Dari liko juu sana, kuna nguzo, matao na madirisha ya vioo vya rangi. Fleti mbili hazifanani.

3. Mahali pazuri. Makanisa ya zamani mengi yalijengwa katikati ya mji au kijiji, hivyo basi na maduka viko karibu.

4. Jengo linapona. Kanisa tupu likiachwa, paa huvuja na mwishowe linabomolewa. Watu wakiishi humo, angalau linatunzwa.

HASARA

1. Baridi, tena baridi ya kweli! Sisi wa Matogoro tunaijua ya mwezi wa sita na wa saba, lakini ya Ulaya ni habari nyingine. Piga hesabu: chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari la mita 3 kina mita za ujazo 48. Dari likiwa mita 10 zinakuwa 160, zaidi ya mara tatu. Hewa ya moto inapanda juu, wewe uko chini na blanketi, na bili ya hita inakusubiri.

2. Mwanga. Vioo vya rangi ni vizuri kuangalia ila vinapunguza mwanga, na madirisha mengi hayafunguki. Wajenzi wakiongeza ghorofa ndani, dirisha refu hukatwa katikati: wa chini anapata nusu na wa juu nusu.

3. Sauti. Jengo lilikusudiwa sauti ya padri na kwaya ifike mpaka nyuma. Kama kuta za ndani ni nyepesi, ugomvi wa jirani unausikia wote.

4. Huna uhuru na jengo. Uingereza makanisa mengi yako kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kubadilisha hata dirisha kunahitaji kibali. Popo wakikaa darini huwezi kuwafukuza hivihivi, wanalindwa na sheria.

5. Matengenezo. Ukinunua fleti, paa la wote mnalipia wote. Na Uingereza kuna wezi wanaopanda kuiba risasi iliyoezekwa kwenye mapaa ya makanisa. Usicheke, ni kweli.

6. Makaburi. Makanisa ya zamani mara nyingi yana makaburi uani. Ndugu wa marehemu wanaweza kuja kuzuru wakati wewe unaanika nguo.

ANGALIA BEI YA CHEE

Hapa ndipo vijana wengi wanaumia. Uingereza na Uholanzi kuna kampuni zinazoweka watu kwenye majengo matupu, makanisa yakiwemo, ili yasivamiwe. Unalipa kidogo, lakini kisheria wewe si mpangaji kamili, ni kama mlinzi wa jengo. Notisi ya kuhama ni fupi, mara nyingi wiki nne. Kwa mgeni asiye na ndugu mjini, wiki nne za baridi kutafuta chumba si mchezo.

UPANDE WA IMANI

Wengi wetu tutauliza: hii si dhambi? Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu, kukiwa na sababu nzito, kuliondoa kanisa kwenye ibada na kuliweka kwenye matumizi ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Baada ya hapo ni jengo kama mengine. Lakini sheria ni kitu kimoja na moyo ni kingine. Kuna waliobatizwa na kufunga ndoa humo, na bado wanapita hapo nje kila siku. Ukihamia, kaa kwa heshima.

KABLA HUJALIPA, ULIZA

- Bili ya hita mwezi wa Januari ilikuwa kiasi gani? Omba uione.
- Nasaini mkataba wa upangaji au wa kulinda jengo?
- Paa likivuja nani analipa?
- Dirisha langu linafunguka?

Na kama kuna mtu hapa Songea anataka kugeuza jengo la ibada kuwa vyumba vya kupangisha wanachuo, ajue kiwanja kina matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kuyabadilisha ni lazima upite manispaa kwanza, siyo kuita fundi.

Kanisa lilijengwa ili watu mia wakae saa mbili, halikujengwa ili mmoja alale usiku kucha. Aliyeligeuza vizuri amekupa nyumba ya kipekee. Aliyelipua kazi amekuuzia madirisha tu.

Naomba kuwasilisha.