Tone la Feriki Kloridi: Nani Alitengeneza Aspirini?

Karibu kila mwanafunzi wa kemia hutengeneza aspirini maabarani angalau mara moja, na hatua ya mwisho ya zoezi hilo ni ndogo mno, wengi huifanya huku wenzao wameshaanza kuosha vyombo. Unachukua chembe chache za ulichotengeneza, unaziyeyusha, unadondosha tone la feriki kloridi, unatazama rangi. Ikitokea zambarau, asidi ya salisiliki bado imo. Rangi ikibaki ya manjano hafifu ya feriki kloridi yenyewe, kazi yako ni safi. Kwa mwanafunzi hizo ni alama mbili au tatu tu. Nimekuja kugundua kwamba rangi hiyohiyo iliwahi kupelekwa mahakamani, na kwamba bila kuielewa hatuwezi kujibu vizuri swali ambalo vitabu vyetu vya shule hulijibu kwa mstari mmoja: nani alitengeneza aspirini?

Nianze na kazi yenyewe. Sisi tulipima gramu 2 za asidi ya salisiliki, tukaongeza mililita 5 za anhidridi ya asetiki na matone 5 ya asidi kali ya salfuriki, tukapasha chombo ndani ya maji ya moto kwa robo saa. Baadaye tukamimina maji baridi na kukiweka chombo kwenye barafu hadi fuwele nyeupe zikajitokeza. Kwa hesabu, gramu 2 hizo haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.6 za aspirini. Fuwele za kwanza zilitoa zambarau hafifu. Tulipoziyeyusha upya katika ethanoli na maji, tukaziacha zijiunde tena na kuzichuja, zambarau haikuonekana. Sababu ni kwamba chuma kilichomo katika feriki kloridi hushikana na kundi la oksijeni na hidrojeni lililo kwenye pete ya asidi ya salisiliki. Katika aspirini kundi hilo limefunikwa na asetili, kwa hiyo chuma hakipati pa kushika.

Dawa yenyewe ina ukoo mrefu. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Chipping Norton, Uingereza, aliiandikia Royal Society kwamba alikausha magamba ya mwerebi, akayasaga na kuwapa wagonjwa wa homa wapatao 50, wakapata nafuu. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alipata salisini kutoka katika magamba hayo, na miaka 10 baadaye Raffaele Piria akapata asidi ya salisiliki. Kufikia miaka ya 1870 asidi hiyo ilikuwa inatengenezwa kiwandani huko Ujerumani na kutolewa kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Ilituliza maumivu, lakini ilichoma tumbo, na ladha yake ilikuwa mbaya.

Sasa tazama tarehe hizi. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Gerhardt aliunganisha asetili na salisili, akapata kitu kisicho safi na kuachana nacho. Mwaka 1869 Karl Kraut na wenzake walikitengeneza tena. Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, ambaye ndiye hutajwa vitabuni, aliandika katika daftari lake la maabara tarehe 10 Agosti 1897. Hiyo ni miaka 44 baada ya Gerhardt. Basi aligundua nini?

Ujerumani haikutoa hataza kwa dutu hiyo, kwa kuwa ilikuwa imeshajulikana. Bayer ikajikinga kwa jina: Aspirin, lililosajiliwa Machi 1899. Huko Marekani Hoffmann alipata hataza namba 644,077 tarehe 27 Februari 1900, na ni humo ndimo nilimokuta zoezi letu. Anaeleza kwamba sehemu 50 za asidi ya salisiliki hupashwa na sehemu 75 za anhidridi ya asetiki kwa saa 2 hivi, kwenye nyuzi 150 hivi. (Hakutumia asidi ya salfuriki, sisi tunaoitumia tunamaliza kabla chai haijapoa.) Kisha anajitenga na Kraut. Dutu ya Kraut, anasema, ikitiwa feriki kloridi hugeuka zambarau kama asidi ya salisiliki yenyewe, yake haigeuki. Kwa maneno mengine, hoja yake ilikuwa kwamba Kraut alitengeneza kitu kingine kabisa.

Hoja hiyo ilipimwa katika nchi mbili, na kila nchi ikatoa jibu lake. Uingereza, mwaka 1905, Jaji Joyce aliifuta hataza ya Bayer: dutu ni ileile, na kuisafisha zaidi si kuigundua. Marekani, mwaka 1909 na tena katika rufaa mwaka 1910, mahakama zilisema kinyume: cha Kraut kilikuwa kichafu, hakikumfaa mgonjwa, na aliyekitoa kikiwa safi ndiye aliyeupa ulimwengu dawa. Hataza ikaendelea kuilinda Bayer huko mpaka 1917.

Mimi nasimama na jaji wa Uingereza kuhusu dutu, kwa sababu fuwele zetu ghafi zenye zambarau zilikuwa aspirini pia, ila zimechanganyika. Lakini kuhusu dawa siwezi kuwabeza Wamarekani. Anayetaka kujua kwa nini, anuse kopo la aspirini lililokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, kama nyumba zetu nyingi wakati wa masika. Litanuka siki. Unyevu huivunja aspirini na kuirudisha kuwa asidi ya salisiliki na asidi ya siki, na tone la feriki kloridi litaonyesha zambarau. Kwa mgonjwa, tofauti ya rangi hiyo ni tofauti anayoihisi tumboni.

Lipo swali ambalo feriki kloridi haiwezi kulijibu. Hadithi maarufu, kwamba Hoffmann alimtafutia dawa baba yake mwenye baridi yabisi, ilichapishwa mwaka 1934, wakati Wanazi wameshashika madaraka. Arthur Eichengrün, mkemia Myahudi aliyekuwa na cheo kuliko Hoffmann hapo Bayer, hakutajwa katika hadithi hiyo. Baadaye alifungwa katika kambi ya Theresienstadt, akatoka hai vita vilipokwisha mwaka 1945. Mwaka 1949 aliandika katika jarida la Pharmazie kwamba yeye ndiye aliyempa Hoffmann kazi ile, na kwamba Hoffmann aliifanya bila kuambiwa lengo lake. Mwaka 2000 Walter Sneader wa Glasgow alipitia ushahidi na kumuunga mkono, Bayer ilikataa. Hoffmann alikuwa amefariki tangu 1946, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Makala ya Eichengrün ilitoka Desemba 1949, na mwezi huohuo naye akafariki.